Mpira wa Kichwani, Tundu la Tumboni

Mtoto akizaliwa na maji yaliyozidi kichwani, watu wa wilaya za Mbulu na Hanang, Tanzania, hawamwiti kwa jina la kitabuni. Husema mtoto wa kichwa kikubwa, na yule aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunikwa husema wa mgongo wazi. Mara nyingi ni mtoto huyo huyo mmoja mwenye yote mawili. Kile anachowekewa hospitalini, ambacho madaktari hukiita shanti, kwa mama yake ni mpira. "Mwanangu ana mpira," atakwambia, na ameshamaliza.

Mpira huo ni mrija laini, mwembamba kuliko ule wa dripu. Unaanzia kwenye vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo, unatokeza nje ya fuvu, unapita kwenye vali ndogo karibu na sikio, kisha unateremka chini ya ngozi ya shingo na kifua mpaka tumboni. Maji yanayozidi kichwani humwagika tumboni, na utando wa tumbo huyanyonya na kuyarudisha kwenye damu. Mtoto anacheza, anakwenda shule, wenzake hawajui kitu. Siku mrija ukiziba, kichwa kinauma, anatapika, anasinzia, na asipowahiwa anakufa.

Sasa mchukue mvulana wa miaka 6 kutoka kijiji cha upande wa Basotu, kwenye mashamba ya ngano. Alizaliwa na mgongo wazi, akawekewa mpira akiwa na miezi miwili. Korodani yake moja haikushuka, na daktari akiipapasa haioni kinenani. Imebaki tumboni, na ikiachwa huko haitazaa, tena baadaye inaweza kugeuka saratani. Njia nzuri ya kuitafuta ni upasuaji wa matundu madogo: kamera inaingizwa kitovuni, vifaa vyembamba vinapita pembeni, na tumbo linajazwa hewa ukaa ili liinuke kama hema na daktari apate kuona. Hapo ndipo penye mgogoro. Hewa itajazwa katika tumbo lile lile ambamo kichwa kinamwaga maji yake. Kichwa kitafanyaje?

Mvulana huyu ni wa mfano, na sauti zinazofuata nimezipanga mimi. Hoja zao lakini si za kutunga. Wapasuaji na wataalamu wa usingizi wamezibishania tangu miaka ya 1990, na mimi nitaingia kati kila nitakapoona nimeshindwa kunyamaza.

MAMA: Daktari, mimi nauliza kwa lugha yangu ya nyumbani. Ukijaza upepo kwenye debe lenye mpira wa maji, maji hayarudi juu? Hayatapanda kichwani kwa mwanangu?

MPASUAJI: Umeuliza vizuri, mama. Hilo ndilo swali lenyewe. Ile vali iliyo karibu na sikio ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Maji yanashuka, hayapandi. Mwaka 1999 wataalamu walizipeleka vali za shanti maabara wakazisukuma kwa kinyume, wakapandisha msukumo hadi milimita 80 za zebaki. Hakuna iliyovuja. Sisi tumboni mwa mtoto hatujazi zaidi ya 8 au 10, na hata kwa mtu mzima ni nadra kupita 15. Hewa haitapanda.

MTAALAMU WA USINGIZI: Dokta, umemjibu mama nusu. Hewa haipandi, sawa. Je, maji yanashuka? Mlango hata ukiwa mzuri vipi, ukiwa umezibwa kwa nje haufunguki. Tumbo likijaa msukumo, maji ya kichwani yanakosa pa kwenda kwa muda wote huo. Na hapo hujasema habari ya hewa yenyewe. Hewa ukaa inanyonywa na damu. Ikizidi kwenye damu, mishipa ya ubongo inatanuka, damu inajaa kichwani. Kwa hiyo kichwa kinabanwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja: maji hayatoki, damu inaingia. Ukimlaza kichwa chini miguu juu ili matumbo yasogee, umeongeza ya tatu.

MPASUAJI: Hilo silikatai.

MTAALAMU WA USINGIZI: Na yameonekana. Mwaka 1997 Marekani walichapisha habari za watoto wawili wa mgongo wazi wenye shanti, waliofanyiwa upasuaji wa matundu huku msukumo wa kichwani ukipimwa moja kwa moja. Hewa ilipoingia tumboni, msukumo wa kichwani ulipanda kwa zaidi ya milimita 12 za zebaki. Ilibidi watolewe maji ya ubongo kidogo ndipo ukashuka. Waandishi wale wakashauri kichwa cha kila mtoto wa namna hiyo kipimwe wakati wa upasuaji.

MPASUAJI: Watoto wawili. Mwaka 2000 hospitali ya Johns Hopkins ikatoa habari za wagonjwa 18 wenye shanti, upasuaji wa matundu mara 19. Hawakuwatoboa vichwa kupima. Waliwatazama kwa vipimo vya kawaida vya usingizi: mapigo ya moyo, presha ya damu, oksijeni, hewa ukaa inayotoka na pumzi. Hakuna aliyeonyesha dalili kwamba ubongo umebanwa. Wakasema vipimo vya kawaida vinatosha. Tangu hapo wapasuaji wa watoto katika nchi nyingi wamefuata njia hiyo, na watoto wamepona.

Hapa naingia. Nimesoma hoja hizi mara nyingi, na kila mara naona pande mbili zinapishana njiani bila kugusana. Aliyepima kichwani aliona msukumo ukipanda. Asiyepima aliona watoto wameamka salama. Yote mawili ni kweli. Msukumo unapanda, mtoto anauvumilia, hewa inatolewa, maji yanaanza kushuka tena. Ubongo wa mtoto mwenye shanti inayofanya kazi vizuri unaweza kustahimili saa moja ya namna hiyo. Yule ambaye shanti yake ilikuwa imeanza kuziba kabla ya siku ya upasuaji, bila mtu kujua, huenda asistahimili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama matundu ni salama, lazima tujue shanti iko katika hali gani asubuhi ile.

Na yapo maneno matatu katika jibu la Johns Hopkins ambayo msomaji hupita nayo haraka: "vipimo vya kawaida". Hewa ukaa inayotoka na pumzi hupimwa kwa mashine. Mashine ile katika hospitali kubwa ya Marekani ni ya kawaida kama kitanda. Katika vyumba vingi vya upasuaji vya vijijini mwetu kilicho cha kawaida ni kifaa cha kidoleni cha oksijeni, mkanda wa presha na macho ya aliyekaa kichwani pa mgonjwa. Neno moja, "kawaida", linabeba vitu viwili tofauti kabisa.

MPASUAJI: Basi naomba na mimi niseme lililo moyoni, maana naonekana kama napenda kamera kwa sababu ni kitu kipya. Huyu mtoto akijaliwa ataishi miaka 50, 60. Miaka yote hiyo tumbo lake ndilo shimo la kumwagia maji ya kichwa. Nikilipasua kwa mkato mrefu, nikashika matumbo kwa mikono, litapona, lakini matumbo yatashikana kwa makovu. Makovu yakiuzunguka mrija, maji yanakusanyika mahali pamoja kama mfuko, hayanyonywi, shanti inakwama. Utamrudisha kwenye chumba cha upasuaji kumhamishia mrija mahali pengine, na huko pengine ni kifuani au kwenye mshipa wa moyo, ambako ni kubaya zaidi. Kwa matundu madogo makovu yanapungua. Tena kabla sijatoka naigeuza kamera nitazame ncha ya mrija. Naona tone la maji linadondoka. Hakuna mkato wa kisu utakaonipa uhakika huo.

MAMA: Unaliona tone?

MPASUAJI: Naliona, mama. Kwa macho yangu, kwenye kioo.

Hoja hii ndiyo iliyonigeuza. Nilianza kuandika nikiamini kwamba kwa watoto wa wilaya hizi kisu cha zamani ndicho cha busara, kwa kuwa ndicho tulichokizoea. Lakini mtoto mwenye shanti hana tumbo la akiba. Kila mkato mkubwa unakula sehemu ya kitu anachokihitaji kila siku ya maisha yake, hata akiwa mzee. Anayesema "mpasueni kawaida, ndiyo salama" anahesabu saa mbili za chumba cha upasuaji na kusahau miaka inayofuata.

MUUGUZI: Naomba na mimi nisikilizwe, maana nyinyi mnazungumza habari za mtoto aliyepangiwa tarehe. Wanaonifikia mimi wodini hawakupangiwa. Analetwa mtoto wa mpira, tumbo linauma siku ya nne, kidole tumbo kimeshapasuka, usaha umejaa. Hapo habari ya hewa naona ni ndogo. Usaha ule unaogelea kwenye ncha ya mrija, na vijidudu vinaweza kupanda mrija ule mpaka kwenye ubongo. Vali haizuii uchafu ulioshika ukuta wa mrija kwa ndani.

MPASUAJI: Kweli, sista. Pale tunautoa mrija tumboni kwanza, tunauelekeza nje kwenye mfuko, tunasafisha tumbo, tunampa dawa, tunapima maji ya ubongo mpaka yawe safi ndipo tunaurudisha.

MUUGUZI: "Tunautoa" nani? Usiku wa Jumamosi, nani?

Swali la sista lina historia katika wilaya hizi hizi, na ni historia ya kujivunia. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955. Mwaka 2006 alifika pale daktari bingwa wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala. Wakati ule Tanzania nzima, yenye watu wapatao milioni 40, ilikuwa na mabingwa 3 tu wa ubongo. Haydom haikuwa hata na msumeno wa kufungulia fuvu. Alinunua msumeno wa kukatia miti kwa mkulima, akaua vijidudu vyake, akautumia kumwokoa mtu aliyeumia kichwa. Halafu akafanya jambo kubwa kuliko hilo: alimfundisha daktari msaidizi wa pale, Emmanuel Mayegga, upasuaji wa ubongo, pamoja na uwekaji wa shanti. Mayegga naye akawafundisha wenzake. Mwandishi Tony Bartelme ameyaeleza hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2017. Wapo mabingwa waliopinga, wakisema ubongo si mahali pa kujifunzia mtu asiye na shahada ya juu. Nawaelewa. Lakini mama wa Basotu hana mabingwa wawili achague mmoja. Ana mtu aliyefundishwa, au hana mtu.

Akaingia mwingine, daktari aliyewahi kukaa Mbale, mashariki mwa Uganda.

DAKTARI WA MBALE: Ndugu zangu, mnabishana juu ya namna ya kuishi na mpira. Mimi nauliza kwa nini tuuweke. Benjamin Warf alipoanza kazi katika hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliona watoto wakiwekewa shanti, wanarudi vijijini, shanti inaziba, wanafia njiani. Hata katika nchi tajiri karibu nusu ya shanti za watoto hushindwa ndani ya miaka 2. Akaanza kuingia kwa kamera ndani ya ubongo wenyewe, anatoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha maji ili maji yapate njia nyingine ya kutoka, na anachoma kidogo ule utando unaoyatengeneza. Hakuna mpira. Mwaka 2017 matokeo ya watoto 100 wa pale yalichapishwa, nusu njia hii, nusu shanti. Baada ya mwaka mmoja maendeleo ya akili hayakutofautiana. Mtoto asiye na mpira mkimjaza hewa tumboni hamna cha kubishania.

MTAALAMU WA USINGIZI: Lakini haiwafai wote.

DAKTARI WA MBALE: Haiwafai wote. Wa mgongo wazi wengi inawafaa.

MAMA: Wangu ameshawekewa, daktari.

Mama amefunga mjadala. Tunaweza kutamani mambo yangeanza vingine. Tunaweza hata kurudi nyuma zaidi, kwenye unga: kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano na mahindi unaosagwa viwandani uongezwe foliki asidi, inayopunguza kuzaliwa kwa watoto wa mgongo wazi, na bado kina mama wengi hula ugali wa mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya kijijini, ambao hauongezwi kitu. Hilo lina hasira yake ya peke yake na linastahili makala yake. Leo tuna mvulana wa miaka 6 mwenye mpira.

MTAALAMU WA USINGIZI: Mimi nina swali ambalo hamjaligusa. Vali aliyonayo ni ya aina gani? Zipo za ghali na zipo za India, za Chhabra, za bei nafuu. Mwaka 2005, wakati zile zikiuzwa dola 650 na hizi dola 35, Warf alizilinganisha kwa watoto wa Uganda, na baada ya mwaka mmoja hakuona ya ghali ikiishinda ya bei nafuu. Mimi sizidharau. Nataka kujua ipi, iliwekwa lini, imewahi kubadilishwa mara ngapi, mrija umepita upande gani ili dokta asiutoboe akiingiza vifaa. Mama, wamekuandikia mahali?

MAMA: Kadi ililowa. Mwaka ule wa matope.

Kila mtu aliyemo chumbani anajua mwaka ule. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliporomosha matope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, nyumba zikazolewa na barabara zikafunikwa. Mtu anayeniambia "mtoto akipata shida baada ya upasuaji arudishwe hospitali" namwomba aifikirie barabara hiyo, na ya Dongobesh wakati wa masika pia.

Maana hatari kubwa ninayoiona mimi haimo katika ile saa moja ya hewa. Imo katika siku tano zinazofuata. Mtoto yeyote aliyetoka kwenye usingizi wa dawa anaweza kutapika. Mtoto aliyepasuliwa tumbo atalala sana, atakataa chakula. Na mtoto ambaye shanti yake imekwama naye anatapika, analala sana, anakataa chakula. Mganga wa zahanati asiyemjua atampa dawa ya kuzuia kutapika na kumwambia mama asubiri. Zipo habari zilizoandikwa za shanti zilizokwama baada tu ya upasuaji wa matundu. Ni chache mno, lakini zipo, na zilitambuliwa kwa kuwa mgonjwa alikuwa bado karibu na macho ya wanaojua.

MUUGUZI: Mama, shanti yake ilipoziba mara ya kwanza ulijuaje?

MAMA: Macho. Yaliangalia chini, kama jua linazama, weupe ukabaki juu. Na alikuwa ananiita kwa jina la dada yangu.

MUUGUZI: Mmesikia? Hakuna mashine inayojua jina la dada yake.

MTAALAMU WA USINGIZI: Basi masharti yangu ni haya, Dokta, nami nitakaa kichwani pake kwa moyo mweupe. Kwanza shanti ichunguzwe kabla, tusije tukaipeleka mezani ikiwa mbovu. Uniwekee hewa kidogo, 8 ikitosha isiwe 10, na umalize upesi. Niwe na mashine ya kupima hewa ukaa. Moyo ukianza kwenda polepole huku presha ya damu inapanda, nikisema toa hewa, unatoa hapo hapo, hatujadiliani. Na awepo mtu ndani ya jengo anayeweza kuchoma sindano kwenye shanti na kutoa maji.

MPASUAJI: Nakubali yote. Na kukikosekana kimoja?

MTAALAMU WA USINGIZI: Tunampa rufaa. Korodani imesubiri miaka 6, itasubiri wiki 6.

MAMA: Na huko nitakakokwenda nikikuta nako hakuna?

Kimya. Mpasuaji aliinama. Mimi ningekujibu hivi, mama: kwa mwanao matundu madogo ndiyo mazuri, na si ya anasa wala ya majaribio. Lakini ni mazuri kwa sababu ya wale watu na vile vifaa vilivyoyazunguka. Vikikosekana, mkato mdogo wa kisu kinenani, wa daktari anayejua mrija ulipo, ni bora kuliko kamera mikononi mwa wasioweza kupima kinachotokea. Usiondoke ukiona umepunjwa. Na usimruhusu mtu kukwambia kwamba mtoto mwenye mpira hafanyiwi upasuaji wa tumbo kabisa, maana wapo wanaorudishwa nyumbani kwa neno hilo, na neno hilo si kweli.

MPASUAJI: Sista, leta kadi mpya.

Sista akaleta, akakaa kwenye benchi karibu na mama, akafungua kalamu. Mvulana alivuliwa shati. Mama hakusubiri kuulizwa. Aliweka kidole nyuma ya sikio la kulia la mwanawe, akakibonyeza pale penye kivimbe kidogo, akakishusha polepole shingoni, juu ya mfupa wa bega, kifuani kando ya chuchu, mpaka kwenye kovu dogo lililo juu ya kitovu.

"Hapa," alisema. "Halafu unaingia ndani, siuoni tena."

Sista akaandika: kulia.